Ziwa Victoria na tafiti zake: maswali yanayoulizwa sana huku kwetu Mwanza

Haya ni maswali ambayo utayasikia mwaloni Kirumba, kwenye daladala za Igombe, kwenye magrupu ya WhatsApp ya wafugaji wa samaki, na mara nyingi majibu yanayotolewa ni ya kukisia tu wakati tafiti zipo, tena nyingine zimefanyikia hapa hapa kwenye ghuba ya Mwanza. Inauma kuona matokeo yanasomwa vyuoni Ulaya na mama wa Luchelele anayeteka maji hayo hayo hajawahi kusimuliwa hata kidogo. Nimeyaandika kama tunavyoongea, soma swali linalokuhusu, mengine yaruke.

Kwa nini 2020 maji yalipanda mpaka yakaingia kwenye nyumba za watu?

Kwanza ujue ziwa letu linaishi kwa mvua. Watu wanadhani linajazwa na mito, Kagera na mingineyo, lakini karibu asilimia 80 ya maji yanayoingia ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, na sehemu kubwa ya yanayotoka inapanda hewani kama mvuke, yanayobaki ndo yanashuka na Nile pale Jinja Uganda. Halafu ziwa lina eneo la kilomita za mraba kama 68,800 lakini kina chake cha wastani ni mita 40 tu na pale penye kina kirefu kabisa ni kama mita 80, wakati Tanganyika inafika mita 1,470. Kwa hiyo mvua zikizidi misimu miwili mfululizo huwezi kuficha, ufukweni panaonekana.

Sasa mwishoni mwa 2019 Bahari ya Hindi upande wetu ilikuwa ya moto kuliko kawaida na upande wa Indonesia ikawa baridi, hali hiyo ikitokea Afrika Mashariki tunapigwa na vuli kubwa, na vuli ile ikaunganisha na masika ya 2020 bila ziwa kupata nafasi ya kushuka. Katika siku 180 kufikia 17 Mei 2020 maji yalipanda mita 1.21. Mita moja na ushee kwa miezi sita! Rekodi iliyokuwa imekaa tangu 1964, ile iliyotokana na mvua kubwa zilizoanza mwaka wa Uhuru, ikavunjwa, na 2024 ikavunjwa tena.

Hayo si mabadiliko ya tabianchi tu?

Hapa ndo watu wanaongea sana bila kupima. Kuna timu iliyoongozwa na Rosa Pietroiusti ilikaa na swali hili hili na 2024 wakatoa utafiti. Walichofanya ni kulinganisha dunia tuliyo nayo na dunia ambayo viwanda havijaanza kuchafua hewa, kwa kutumia vipimo vya ziwa na modeli nyingi za hali ya hewa kwa pamoja, wakauliza: mpando kama ule wa mita 1.21 una uwezekano gani kutokea kwenye kila moja? Jibu lao ni kwamba kwa hali ya sasa tukio la namna ile linatarajiwa mara moja kwa miaka kama 63, na uwezekano wake umeongezeka mara 1.8 kwa sababu ya binadamu, na kwamba bila sisi maji yangepanda pungufu kwa sentimita 7 hivi.

Sentimita 7 kati ya 121. Kwa hiyo sehemu kubwa ilikuwa ni ziwa lenyewe na bahari, tabia yao ya siku zote, na kidogo ikaongezwa na joto la dunia. Na wenyewe waliandika wazi kwamba hesabu ina wigo mpana kiasi kwamba hata uwezekano wa kutokuwepo mabadiliko yoyote umo ndani yake. Mimi naheshimu sana utafiti unaosema hivyo, kuliko mtu anayesimama kwenye semina na kutaja tabianchi kwa kila kitu. Maana ukishasema ni tabianchi tu, hakuna anayeulizwa kwa nini watu waliuziwa viwanja ndani ya mita 60 za ufukwe.

Lakini si Waganda ndo wanafunga maji kule Jinja?

Swali hili halifi. Bwawa la Owen Falls, siku hizi Nalubaale, lipo tangu 1954, na kuna utaratibu uliokubaliwa kwamba maji yanayoachiwa yafuate kimo cha ziwa, yaani yatoke kiasi kile ambacho yangetoka kama bwawa lisingekuwepo. Mara kwa mara utaratibu umepindishwa, na mfano mkubwa ni 2004 mpaka 2006 ziwa liliposhuka vibaya, wavuvi wakawa wanasukuma mitumbwi kwenye tope. Wataalamu wa maji walipopiga hesabu walikuta karibu nusu ya kushuka kule ni ukame na karibu nusu nyingine ni maji yaliyoachiwa kupita kiasi kuzalisha umeme. Kwa hiyo bwawa linaweza kutuumiza, ndiyo. Ila 2020 mlango wa Jinja ulikuwa umefunguliwa sana na ziwa bado likapanda, sababu mvua iliyoingia ilikuwa nyingi kuliko kinachoweza kupita pale.

Kwa nini dhoruba inatukuta usiku, mchana ziwa limetulia kabisa?

Wanaovua dagaa wanalijua hili kwa mwili kabla ya mtu yeyote kuliandika. Mchana nchi kavu inapata joto haraka, ziwa linabaki na ubaridi wake, upepo unatoka ziwani kwenda bara na mawingu ya radi yanajijenga huko bara. Usiku inageuka. Nchi kavu inapoa, maji yanabaki na joto, upepo sasa unatoka pande zote, Mara, Kagera, Uganda, Kenya, na huku kwetu, unakwenda kukutania ziwani, na hewa ikishakutana haina pa kwenda ila juu, ikiwa imebeba unyevu wote wa ziwa. Inapopanda ndo wingu linazaliwa, na ni muda ule ule taa zimewashwa na nyavu ziko majini.

Wim Thiery na wenzake walitoa utafiti mwaka 2016 wakiangalia hali itakavyokuwa kuelekea mwisho wa karne hii kama dunia itaendelea kuchoma mafuta kwa kasi kubwa. Matokeo yake yanatisha kidogo kwa sababu yanachanganya: mvua ya jumla juu ya ziwa inaweza hata kupungua, lakini zile dhoruba kali kabisa zinakuwa kali zaidi, na ongezeko lake juu ya ziwa ni zaidi ya mara mbili ya lile la nchi kavu inayolizunguka. Yaani usiku tulivu mwingi, halafu usiku mmoja mbaya kweli.

Je, inawezekana kuitabiri kabla mtu hajasukuma mtumbwi?

Inawezekana na inafanyika, ndo maana naomba mlichukulie kwa uzito. Kundi hilo hilo la watafiti liligundua kwamba dhoruba ya usiku ziwani mara nyingi inatanguliwa na radi za alasiri nchi kavu, kwa hiyo picha za setilaiti za saa tisa na saa kumi jioni zinakuambia mengi kuhusu saa nane usiku. Baadaye kukawa na mradi ulioitwa HIGHWAY, ukishirikisha mamlaka za hali ya hewa za nchi za ukanda huu ikiwemo TMA yetu, na rada ya hapa Mwanza ikatumika sana, wakatengeneza utabiri wa wavuvi unaotaja upepo, mawimbi, mvua na sehemu ya ziwa, badala ya ule wa kusema "Kanda ya Ziwa kutakuwa na ngurumo katika maeneo machache" ambao haumsaidii mtu wa Kome hata chembe.

Kabla ya hapo idadi iliyokuwa ikitajwa sana ya wanaofia ziwani ni watu 3,000 hadi 5,000 kwa mwaka, kwa ziwa zima. Hao ni baba za watu. Kwa hiyo kama uko kwenye BMU, kile kikundi cha kusimamia mwalo, weka taarifa ya jioni iandikwe kwenye ubao wa mwalo kwa chaki kabla ya saa kumi na moja, herufi kubwa, Kiswahili cha kawaida, na kama kuna mtu hajui kusoma, mwenye spika ya kuuzia vocha aitangaze. Na jaketi, jamani. Jaketi ambalo halijaachwa nyumbani.

Maji yakiwa ya kijani ufukweni, ile ni nini hasa?

Ni vijidudu vidogo sana vinavyoitwa sianobakteria, vinatumia mwanga wa jua kama mimea, na vingine vina vifuko vya hewa ndani ya mwili vinavyovifanya vielee. Ndo maana asubuhi tulivu unakuta utando juu kama rangi ya mafuta iliyomwagika, na upepo ukigeuka utando wote unasukumwa mwalo wa jirani, wa kwako unakuwa safi, watu wanabishana nani anachafua.

Kuna kipimo rahisi unachoweza kufanya mwenyewe, kinatumiwa hata na wataalamu kama hatua ya kwanza. Chukua chupa ya maji isiyo na rangi, vaa glavu au mfuko wa nailoni mkononi, jaza robo tatu, funga, iache imesimama mahali pasipo na jua mpaka kesho yake bila kuitikisa. Ukikuta kijani imepanda yote na kufanya pete juu na maji ya chini yameanza kuwa meupe, uwezekano mkubwa ni sianobakteria. Ikizama chini, mara nyingi ni mwani wa kawaida.

Sio kila sianobakteria ana sumu, na kwa macho huwezi kuwatofautisha. Kwenye ghuba ya Mwanza kuna utafiti uliochapishwa 2005 wa Sekadende, Lyimo na Kurmayer, walipima sumu ya ini inayoitwa maikrosistini wakaikuta ipo, kwa kiwango cha chini, na anayeizalisha zaidi ni jamii ya Microcystis. Miaka ya karibuni ghuba ya Winam upande wa Kisumu, ambayo imechafuka kuliko yetu, wamesoma vinasaba vya kila kilichomo majini wakakuta anayetawala ni Dolichospermum lakini mwenye sumu ni yule yule Microcystis, hasa kwenye midomo ya mito yenye tope. Hilo la midomo ya mito lichukue, sababu hapa mjini tuna mto Mirongo unaopita katikati ya watu na kumwaga kila kitu ziwani.

Nikiyachemsha si yanakuwa salama?

Hapana, dada, na hili naomba limfikie kila mtu. Kuchemsha kunaua wadudu wa kipindupindu na taifodi, hiyo ni kweli na endelea kuchemsha, lakini sumu ya maikrosistini haivunjiki kwa moto wa jikoni, tena moto unapasua vile vijidudu na kuimwaga sumu iliyokuwa ndani yao kwenye maji unayokwenda kunywa. Vidonge vya klorini vya nyumbani navyo usivitegemee kwa maji yenye utando, vinaweza kuvipasua vile vile.

Cha kufanya ni kuchota mahali pengine. Ingia na mtumbwi mpaka penye maji meupe, zamisha ndoo chini ya uso wa maji, usichote ule utando. Kama kuna bomba la mamlaka au kisima karibu, siku hizo tumia hicho hata kama foleni ni ndefu. Watoto wasioge hapo, wanameza maji wakicheza. Mbwa na ng'ombe pia, mifugo imekufa kwa sumu hii sehemu nyingi duniani. Samaki mkubwa toa matumbo na ini vyote, tupa, osha na maji safi, maana sumu inakaa huko zaidi kuliko kwenye mnofu. Dagaa wao tunawala wazima na matumbo yake, kwa hiyo waliovuliwa karibu na utando wa kijani mimi singewanunua.

Hiyo mbolea ya kulisha kijani inatoka wapi, viwandani?

Viwanda na vyoo vya mjini vimo, mashamba nayo yamo, ila kinachowashangaza watu wengi ni hewa. Rashid Tamatamah na wenzake walitega vyombo vya kukusanya vumbi na mvua kwenye vituo vya upande wa Tanzania, wakapima fosforasi, ndo mbolea yenyewe inayolisha kijani, inayodondoka toka angani, matokeo yalichapishwa 2005: zaidi ya nusu ya fosforasi inayoingia ziwani inatoka juu. Ni vumbi la mashamba yaliyo wazi, njia za ng'ombe, moshi wa kuchoma pori na mabua kiangazi. Ziwa ni kubwa na liko wazi, linapokea kila kitu.

Mchanga wa chini ya ziwa unaonyesha kwamba mabadiliko yalianza mapema, miaka ya 1920 na 1930, kadiri misitu ilivyofyekwa na watu na kilimo kuongezeka, mpaka kufikia miaka ya 1980 sianobakteria wakatawala kabisa. Kwa hiyo mtu wa Kwimba anayechoma shamba lake Agosti, hajawahi hata kuliona ziwa, yumo kwenye hesabu, bila kosa lolote la makusudi. Ndo maana kufunga bomba moja la uchafu mjini peke yake hakutatosha, ingawa lifungwe.

Gugu maji liliondoka, kwa nini limerudi?

Halikuondoka. Liliingia mwishoni mwa miaka ya 1980, likafika kileleni 1998, likaporomoka. Wataalamu walibishana kweli kweli: upande mmoja ukasema ni wale wadudu wadogo aina ya fukusi, Neochetina, walioachiwa kulitafuna, upande mwingine ukasema ni El Niño ya 1997/98, mawingu yalipunguza mwanga na mawimbi yakalivunjavunja. Ninavyoona mimi vilisaidiana, mmea uliotafunwa ndo unaovunjika kirahisi. Mbegu zake zinakaa kwenye tope miaka mingi, maji yakipanda na virutubisho vikiwepo linaamka.

Hili jipya lililosumbua vivuko vya Kigongo na Busisi mwanzoni mwa 2025, kabla daraja halijafunguliwa Juni, ni mmea mwingine, Salvinia, majani madogo yenye vinyweleo. Fukusi wa gugu la zamani hamli huyu, ana fukusi wake mwingine kabisa. Kwa hiyo anayesema tuachie wale wale wadudu wa zamani hajaliangalia jani kwa karibu.

Kwa nini samaki wa kwenye vizimba wanakufa ghafla asubuhi moja?

Maji ya chini ya ziwa miezi ya joto hayachanganyiki na ya juu, yanakaa bila oksijeni maana uchafu wote unaozea huko. Upepo mkali ukiyageuza, yanapanda ghafla na samaki wanakosa hewa. Mwishoni mwa 2020 kuelekea 2021 Uganda sangara wakubwa walioshwa ufukweni kwa wingi na maelezo ya serikali yao yalikuwa haya haya, halafu 2022 ikawa zamu ya vizimba vya Kisumu. Sangara huru anaweza kukimbia. Sato wa kizimba amefungwa.

Kwa hiyo ukipewa mkopo wa vizimba, kabla ya kufikiria chakula uliza kina na mkondo wa sehemu unayopangiwa. Ghuba iliyojificha ni nzuri kwa walinzi ila mbaya kwa samaki, chakula kinachobaki kinazama hapo hapo chini yao. Na ukiona wamekuja juu wanahema alfajiri, usiwalishe, kula kunawaongezea hitaji la oksijeni.

Ni kweli samaki wetu wana plastiki?

Ndiyo. Utafiti wa Biginagwa na wenzake uliochapishwa 2016 ulinunua sangara na sato sokoni hapa Mwanza, asilimia 20 ya kila aina wakakutwa na plastiki matumboni, vipande vya vifungashio na nyuzi za nguo. Ilikuwa mara ya kwanza kuthibitishwa kwenye maziwa makuu ya Afrika. Ni matumboni, kwa hiyo ukitoa utumbo umeondoa sehemu kubwa.

Nimesikia ziwa liliwahi kukauka lote, inawezekana?

Ilitokea. Kwenye miaka ya 1990 watafiti walipitisha mawimbi ya sauti chini ya ziwa wakaona tabaka la udongo wa nchi kavu limefunikwa na tope la ziwa, kwamba hapa palikuwa na nyasi. Mwaka 2018 timu ya chuo cha Bern Uswisi pamoja na TAFIRI, taasisi yetu ya utafiti wa uvuvi, walitoboa tope wakatoa nguzo ndefu zenye historia ya miaka kama 17,000, zinaonyesha ukavu, kisha madimbwi na matete, kisha ziwa likajaa haraka kati ya miaka 14,000 na 13,000 iliyopita.

Ndani ya nguzo hizo Nare Ngoepe na wenzake, akiwemo Mary Kishe wa TAFIRI, walichambua meno ya samaki zaidi ya 7,000. Meno, madogo kuliko punje ya mchicha. Waliyoyakuta yalitoka kwenye jarida la Nature 2023: furu (wale samaki wadogo wa rangi rangi), kambare na wengine waliingia pamoja ziwa lilipoanza kujaa, hakuna aliyetangulia, lakini kadiri kina kilivyoongezeka furu ndo waliobaki kwenye maji ya wazi na kugawanyika mpaka spishi kama 500. Kwa umri wa dunia hiyo miaka ni juzi tu.

Furu nao wana kazi gani, si samaki wa kuchoma wawili watatu?

Furu wanakula mwani, konokono, wadudu, wengine wanakula magamba ya wenzao, ndo waliokuwa wafanyakazi wa ziwa. Sangara aliyepandikizwa miaka ya 1950 na 1960 alipolipuka miaka ya 1980 spishi kama 200 zikapotea au zikawa karibu kupotea. Lakini sangara hakuwa peke yake. Ole Seehausen na wenzake, wakifanya kazi visiwani humu ghubani, walionyesha 1997 kwamba maji machafu yanaua furu kwa njia nyingine: jike anachagua dume kwa rangi, na maji yakiwa na tope haoni rangi, anachukua yeyote, spishi mbili zinakuwa moja. Kisiwa cha Makobe ambako maji ni meupe, furu wa bluu anakaa juu na yule mwekundu, aliyepewa jina la kisayansi nyererei kwa heshima ya Mwalimu, anakaa chini zaidi ambako mwanga umeelemea wekundu, hata macho yao yametofautiana kwa vinasaba. Ukija ndani ya ghuba kwenye tope unakuta wamechanganyika, rangi za katikati, hujui huyu ni nani.

Sangara alipoanza kuvuliwa sana kuanzia miaka ya 1990 baadhi ya furu walianza kuongezeka tena ghubani, sio wote, na waliorudi wamebadilika, wapo wanaokula vitu ambavyo babu zao hawakula.